Shangazi Felista Akienda, Shangazi Felista Akirudi

Mpaka leo nikisikia ndala zisizolingana, moja ikipiga sakafu na nyingine ikiburuzwa nyuma yake, naacha ninachokifanya nisikilize. Najua si yeye, lakini nasikiliza tu.

Nilikulia Kirua Vunjo, kwa bibi mzaa baba, na bibi yangu alikuwa na ulimi mbaya kuhusu miguu ya watu. Akiwa ameketi mlangoni akimenya ndizi, alimtambua kila aliyepita nyuma ya migomba kwa kishindo tu, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Katekista alinyata. Mke wa jirani alibatabata. Mama wa mitumba alitembea kwa mikogo. Mumewe, tangu bei ya kahawa ianguke, alijikokota. Tulicheka mpaka machozi. Neno moja tu lilikuwa mwiko nyumbani kwetu, nalo ni kuchechemea. Hata kuku akivunjika mguu, tulitakiwa kusema anaumwa.

Hiyo ilikuwa kwa ajili ya shangazi Felista, mdogo wake baba, aliyezaliwa na mguu wa kushoto mfupi. Nyie mnaoishi tambarare huenda hamlijui hili: mlimani njia nyingi hukata ubavu wa mteremko, kwa hiyo mguu mmoja hukanyaga juu na mwingine chini. Shangazi akienda kanisani, mlima ulikuwa kushoto kwake. Mguu mfupi ulikanyaga juu, naye akanyooka kama wasichana wengine, mrefu na mzuri, watu wakigeuka kumtazama. Wakati wa kurudi mlima ulihamia kulia, na hapo kila hatua ilikuwa kama anataka kuangukia bondeni. Lakini kurudi hatukupita barabarani. Tulipita ndani ya migomba, kando ya mfereji, mimi na yeye, amenishika mkono kwa nguvu, tope mpaka magotini. Aliniambia anapenda ubaridi wa kule, nami nilimwamini.

Mchumba akatokea, kijana wa Marangu aliyekuwa amemwona akienda kanisani tu. Siku ya kuja kwao aliongozana na shangazi yake, Mama Prosper, mchuuzi wa ng'ombe. Bibi alihangaika na viti asubuhi nzima, akavihamisha huku na kule, mwishowe akavipanga mwisho wa uwanja, ili anayetoka jikoni awe na mlima kushoto.

"Ukishawapa, kaa," alimwambia shangazi. "Usinyanyuke mpaka waondoke, hata nyumba ikiungua."

Shangazi alitoka jikoni na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mikononi, amenyooka, akapiga goti mbele ya mgeni. "Shikamoo, mama." Kijana akatabasamu. Nilimsikia bibi akishusha pumzi.

Chakula kikaliwa. Mama Prosper akaonja mtori, akalamba midomo. "Mtori umepungua chumvi. Binti, kaniletee."

"Huyu mtoto ataleta," bibi akasema haraka, akinisukuma mgongoni.

"Nimemtuma mkamwana wangu, sikumtuma mtoto."

Shangazi alimtazama bibi, akasimama. Uwanja ule ulikuwa mfupi, lakini siku ile haukuisha. Bega lake lilishuka na kupanda, likashuka tena, gauni jipya la mitumba likiyumba upande mmoja. Mama Prosper aliweka bakuli chini, akainamisha kichwa.

"Mimi ng'ombe simtazami akija," alisema, "namtazama akienda. Kumbe anachechemea."

Kijana akacheka, kicheko kidogo cha puani. Shangazi alisikia, alisimama kidogo pale mlangoni pa jiko. Kisha akarudi na chumvi, amenyooka, mzuri kuliko siku zote. Mama Prosper akatia chumvi, akamaliza mtori, akaomba aongezewe. Waliposhiba wakaaga, na hawakurudi tena.

Bibi hakumfariji. "Ungejifanya umezimia," alimwambia. Tangu jioni ile neno likaruhusiwa nyumbani, na aliyelitumia kuliko wote ni bibi mwenyewe: chechemea ukachote maji, acha kuchechemea mbele ya watu. Nilimchukia bibi yangu mwaka ule, na sioni haya kusema hivyo. Mwishowe shangazi alifunga nguo zake, akashuka Kiboriloni kuuza ndizi.

Nilipokuwa sekondari nilikwenda kumtembelea. Watoto wa mtaa walikuwa nyuma yake wakimwigiza, mabega juu, mabega chini. Nikaokota jiwe.

"Liache," alisema. "Huku ni tambarare, mwanangu. Nachechemea kwenda, nachechemea kurudi. Hakuna wa kunivizia."

Tukaondoka pamoja. Kwa mazoea nilimpa mkono, hakuushika, hakuuhitaji. Ndipo nikakumbuka njia ile ya mfereji. Siku zote aliniweka kushoto kwake, upande wa bondeni, akaniegemea kwa uzito wake wote, nami mtoto mdogo nikidhani ananishika nisianguke.