Pale Alipoangukia Bwana Simama

Tuanze na ukweli: Mama Fagio hakuyapenda yale maua. Wanaosema leo kwamba aliyalinda tangu siku ya kwanza wanampamba tu, na yeye hapendi kupambwa. Siku ya kwanza alisimama mbele ya maua hayo, mkono kiunoni, akasonya msonyo uliosikika ng'ambo ya barabara. "Maua! Mtu kasimama hapa miaka tisa, jua lake, mvua yake, hakuna aliyemletea hata kiti. Leo kafa ndiyo mnamletea bustani?"

Mama Fagio ni mfagiaji wa manispaa. Kipande chake kinaanzia lango la shule ya msingi hadi duka la dawa, na amekifagia kwa miaka ishirini na sita. Ni mfupi, ana miaka hamsini na nane, na mdomo wake hauna breki. Fagio za ofisini hazitaki, anasema zinanyonyoka kabla hujamaliza kusalimia watu, kwa hiyo hufunga zake mwenyewe kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kwa fagio hizo amelea na kusomesha watoto watatu, peke yake. Na ana mwiko mmoja: hamfagilii mtu vumbi miguuni. Hata akikuta mlevi kalala njiani, atamwamsha kwanza, atamsalimia, atamuuliza habari za nyumbani, ndipo afagie. Ukipita kipande chake saa moja asubuhi utaona mistari ya ufagio imelala sambamba, na wageni hudhani barabara ile huwa safi yenyewe. Vyaelea vimeundwa, jamani.

Bwana Simama alikuwa seremala mstaafu. Jina lake halisi walilijua mwalimu mkuu na mama yake mzazi. Sisi wengine tulimwita kwa neno alilolipigia kelele kutwa. Alishika kibao chekundu, akaingia katikati ya barabara, akasema "Simama!" na lori la mchanga likasimama, watoto wakavuka. Hakutumwa na mtu. Siku moja aliona mtoto akikoswakoswa na pikipiki, kesho yake akaja na kibao alichokichonga mwenyewe, na hakuondoka tena. Yeye na Mama Fagio walitaniana miaka yote tisa. "Mama Fagio, umesahau jani moja pale." "Nimekuachia wewe, angalau uonekane una kazi."

Ijumaa moja, saa saba mchana, madarasa ya wadogo yalipokuwa yanatoka, gari dogo lilichomoka nyuma ya basi kwa kasi. Bwana Simama alimsukuma msichana wa darasa la pili, mtoto akaanguka kando na kuchubuka goti. Gari likampata yeye. Hakuinuka.

Jumamosi asubuhi palikuwa na mashada matatu chini ya nguzo ya taa, pale alipoanguka. Jumapili, walipotoka kumzika, yalikuwa hayahesabiki. Na maua yenyewe, lo! Mengine yamefungwa kwa nailoni ngumu hadi yanatoka jasho. Mengine ya plastiki kabisa, na hayo Mama Fagio aliyatazama kwa kisirani akasema, "Haya hata kufa hayajui, yatajuaje msiba?" Duka moja la simu lilileta shada kubwa lenye utepe, jina la duka limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la marehemu. Mama Fagio akaligeuza uso uelekee ukutani, akaendelea na kazi.

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko ubavuni mwa lango, alikuwa upande wake. "La kuvunda halina ubani," alisema, sindano mdomoni. "Hayo maua ni ya kupigia picha tu. Kama wanampenda, si wangepunguza mwendo alipokuwa hai?"

"Waambie!" Mama Fagio akaitikia.

Lakini uchafu ni uchafu, hata wa msiba. Zile nailoni zilianza kupeperuka na kuziba mfereji, kwa hiyo Jumatatu alfajiri Mama Fagio alichuchumaa akaanza kuzivua, shada moja baada ya jingine. Yaliyonyauka akayatoa. Yaliyo hai akayatia maji kwenye makopo ya rangi. Kadi zilizolowa akazianika kwenye waya wa uzio kwa vibanio vya nguo. Si kwa mapenzi, alisema. Ni kazi.

Akiwa hapo, lori la mchanga likapaki ng'ambo na dereva akashuka. Mama Fagio alimjua vizuri: ndiye aliyekuwa akimpigia Bwana Simama honi na kumtukana, kwamba anamchelewesha. Mkononi alikuwa na ua moja, jekundu, limechumwa uani kwa mtu bila shaka, maana lilikuwa bado na kipande cha tawi. Alipomwona Mama Fagio akataka kurudi.

"Njoo," akamwambia. "Siumi."

Dereva akaliweka ua chini. Akasimama. "Mama, mimi yule mzee nilimwita mlingoti," alisema. "Nilimwita hivyo Alhamisi. Sasa nitamwomba radhi wapi?"

Mama Fagio alichukua kopo, akalitia lile ua maji, akaliweka mbele ya mengine yote. Siku ile alipofika kwa fundi viatu, fundi akaanza tena habari ya picha, naye akamkatiza. "Wewe nyamaza kidogo. Kuna watu mdomo umewashinda. Wamletee marehemu nini, nyundo?"

Tangu hapo akawa anafika nusu saa kabla ya zamu yake. Aliona waliokuja gizani wasionekane. Aliona mtoto aliyeleta ua la karatasi la kukunjwa na kuandika, "Nimevuka salama." Bado alisonya, mtu habadiliki kwa siku tatu. Ila sasa alikuwa anasonyea nailoni, si maua.

Jumatano mchana mwalimu mkuu akamletea habari. Mama mzazi wa Bwana Simama, bikizee wa miaka themanini na kitu, aliyekuwa kalazwa hospitali mbali wakati wa mazishi, ameruhusiwa. Kesho saa nne atafika. Jamaa mmoja asiye na simile alikuwa amemwambia kwamba mwanawe kafa barabarani kama mbuzi. "Mimi nikampigia simu," mwalimu mkuu alisema, "nikamwambia hapana, mama, njoo uone, kona nzima ni maua. Ndipo akasema atakuja."

"Atayaona," Mama Fagio akasema. "Kwa haya macho yangu, atayaona."

Alasiri ileile msimamizi wake akaja na pikipiki. Kijana mzuri tu, ila anaogopa wakubwa kuliko radi. "Mama, kesho saa mbili wakubwa wanapita kukagua mitaro. Hapa pawe peupe. Yasionekane hata majani."

"Mwanangu, nipe mpaka saa tano."

"Siwezi."

"Mama wa marehemu anakuja saa nne. Saa nne tu! Nikishamwonyesha nitafagia mpaka lami yenyewe."

"Mama, ningekuwa na uwezo ningekupa. Usipoondoa wewe, nimeambiwa nilete gari la taka na vijana. Watayazoa kwa sepetu."

Alimbembeleza, akamtania, akamkaripia, mwisho akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kushika ufagio. Kijana akainamisha macho, lakini amri ikabaki amri. Mama Fagio akampigia simu mwalimu mkuu, naye akapiga ofisini, wakamzungusha hadi jioni. Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Basi nitayaondoa mwenyewe," Mama Fagio akasema. "Sepetu isiyaguse."

Alhamisi alianza saa kumi na moja alfajiri. Aliyabeba kwa mikono, mafungu kwa mafungu, hadi bustani ya shule nyuma ya darasa la kwanza. Fundi viatu, yule wa la kuvunda halina ubani, alikuja bila kuitwa akachimba mtaro mrefu kando ya miche ya mipapai, wakayalaza humo na kuyafukia. Kadi zote, mia moja na kitu, Mama Fagio alizifunga kwenye kanga yake. Kisha akarudi kwenye nguzo akafagia. Wakubwa walipita saa mbili na robo, ndani ya gari, vioo vimefungwa. Hawakusimama.

Saa nne kamili bikizee akashuka kwenye teksi, mwembamba, fimbo mkono mmoja, kikapu mkono mwingine. Mwalimu mkuu akamshika kiwiko. Mama Fagio alikuwa amesimama kwenye nguzo na furushi lake la kanga kifuani. Miaka ishirini na sita alikuwa akijivunia barabara tupu, na asubuhi ile utupu huo ulimtia aibu asijue aufiche wapi.

"Ni hapa?" bikizee akauliza.

"Ni hapa, shikamoo mama." Na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Yalikuwepo, mama, nakuapia. Yalijaa mpaka kule kwenye uzio. Wameniamuru niyaondoe, nimeomba, nimekataliwa. Lakini sikuyatupa! Yako bustanini, nitakupeleka. Na kadi hizi hapa, zote, hakuna iliyopotea. Mwanao hakufa kama mbuzi, mama. Usiondoke na wazo hilo. Fundi, msomee!"

Fundi viatu akafuta mikono kwenye aproni akasoma. Akasoma ya mtoto aliyevuka salama. Akasoma ya mama wa yule msichana wa darasa la pili. Bikizee alisikiliza kwa utulivu, huku akitazama chini, kwenye lami, huku na huku, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Marahaba, mwanangu," alisema mwishoni. "Asante, baba. Hizo nitakwenda nazo, wajukuu watanisomea. Ni nzuri sana." Akaweka kikapu chini, akafunua. Ndani mlikuwa na chupa kubwa ya maji na kitambaa cheupe kilichokunjwa. "Lakini mimi sikuja kuangalia maua. Tangu waniambie kaanguka barabarani sijalala. Nilikuwa naiona damu yake, watu wanaikanyaga, magari yanapita juu. Nikasema, nikipona tu, nitakwenda niioshe mwenyewe. Sasa nimefika, sioni pa kuosha." Akainua uso. "Nani alipaosha?"

Mwalimu mkuu akamtazama fundi. Fundi akamtazama mwalimu mkuu. Hawakujua. Wiki nzima walikuwa wamezungumza habari ya maua, nani kaleta, nani hakuleta, na hakuna aliyejiuliza swali hilo.

"Mimi, mama," Mama Fagio akasema.

"Lini?"

"Ijumaa ileile. Polisi walipomaliza. Wale watoto wakubwa walikuwa wanatoka saa tisa, nikasema wasimkute hivyo, walikuwa wanampenda. Ndoo saba, mama."

Bikizee akamtazama, kisha akautazama ufagio uliokuwa umeegemezwa kwenye nguzo. Ilionekana kuna jambo moja limebaki ambalo anaogopa kuliuliza.

"Kwa ufagio?"

"Hapana, mama." Mama Fagio akatikisa kichwa. "Ufagio sikuugusa. Nilipiga magoti. Nilimwosha kwa mkono."

Bikizee akaiachia fimbo ikaanguka. Akaushika ule mkono, uliojaa sugu na udongo wa bustani, kwa mikono yake yote miwili, akauweka shavuni. Mama Fagio, ambaye tangu Ijumaa hakuna aliyemwona na chozi, akalia kwa sauti palepale barabarani, na bikizee hakumwambia anyamaze.