Nimekishusha Kiti cha Baiskeli

Jamani, leo kliniki ya Mzenga nimekataa kuketi!

"Mama Zuhura, kaa," nesi akasema.
"Asante dada, nasimama."
Benchi zima la wanawake likacheka. Walishajua.

Nimetoka Marui kwa baiskeli ya mume wangu, Zuhura mgongoni. Kiti kimewekwa kwa urefu wa baba Zuhura, mimi nayumba huku na huku. Nikakitandikia kanga, nayo ikajikunja. Mapaja yamechubuka, acheni tu.

Na kesho narudi tena, mtoto ana sindano ya pili.

Nilipofika nyumbani nikashika spana, nikakishusha kiti.
"Unaniaibisha! Magoti yatanigonga kidevu," mume wangu akalalamika.
"Yagonge, baba Zuhura. Mtoto atachomwa sindano yake."

Amekwenda na baiskeli shamba la kijiji, kanuna. Spana nimeificha.
Wenzangu, mngempa?