Tochi Yangu na Koo la Baba Mkwe

Nyumbani kwetu tochi ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya mume wangu. Ilikuwa ndefu, ya betri tatu, ikining'inia kwenye msumari upande wake wa kitanda. Aliichukua akienda kilabuni, na akirudi alimulika miti na mapaa ya watu njia nzima, utadhani anatafuta ng'ombe walioibiwa. Mimi nikitaka kwenda chooni gizani nilichukua kijinga cha moto jikoni, au nilijibana mpaka alfajiri. Nikimwomba tochi aliniambia betri zitaisha. Betri za kumulika paa la jirani haziishi, ila za kumulika miguu ya mke ndizo zinaisha! Nilikuwa nikilifikiria jambo hilo kila nilipojibana.

Hapo tulikuwa katika kijiji kipya kati ya Kiabakari na Butiama, miaka ile tulipotolewa kwenye miji yetu iliyotawanyika na kupangwa kwa mistari. Nyumba zilijengwa haraka, zikawa na madirisha madogo yasiyopitisha hata kichwa cha mtoto, na ndani palikuwa na giza hata saa sita mchana. Vyoo vilichimbwa mbali, penye nyasi. Masika ya kwanza jirani yangu alikanyaga nyoka, kifutu, akienda huko. Hakufa, lakini mguu ulioza, akawa mtu wa kutembelea fimbo, na umri wake ulikuwa sawa na wangu. Nilimwona ameketi mlangoni kwake, amenyoosha ule mguu, nikaapa kwamba mguu wangu hauendi tena mahali ambapo jicho langu halijatangulia.

Mimi ni mtoto wa Kamunyonge, Musoma. Nimekulia ziwani, nikaolewa bara kwa watu wa ng'ombe na pamba, watu wema wenye mila ngumu. Mwaka ule pamba ilipouzwa mume wangu alinipa hela ya doti moja ya khanga, nikapanda basi kwenda kuwasalimia wazazi. Khanga sikununua.

Mzee mwenye duka pale Musoma aliponisikia nikitaja tochi alishusha ile ndefu ya betri tatu, akauliza kama ni ya baba watoto. Nikamwambia ni yangu. Akacheka, akaingiza mkono chini ya meza na kutoa kijitochi chembamba kama kidole, kinang'aa, cha kuchomeka mfukoni kama cha daktari. "Hii ndiyo ya kike," akasema. Sikatai, kilinivutia. Lakini nilimuuliza betri zake zinapatikana wapi, akasema hapo hapo kwake tu. Basi tochi ambayo chakula chake kiko Musoma ingekufa njaa kwangu. Duka letu la kijiji, siku likiwa na kitu, lilikuwa na chumvi, viberiti na betri kubwa za redio. Nilitaka tochi inayokula kile kile ambacho redio inakula.

Nikachagua fupi ya betri mbili, ya bati, inayojaa kiganjani. Ya kwanza niliitikisa, ikajiwasha yenyewe. Nikairudisha, maana hiyo ingewaka mfukoni na kumaliza betri bila mimi kujua. Ya pili swichi yake ilikuwa ngumu, ukiisukuma kwa kidole gumba inakaa pale ulipoiweka. Nikafungua kitako nikaona springi haina kutu, na mahali pa kuwekea globu ya akiba papo. Kisha nikajifunika khanga gubigubi pale pale dukani ili nione mwanga wake kwenye giza.

"Mama, unanunua tochi au unaoa?" mwenye duka akauliza.

"Kwenye ndoa kuna wazee wa kuwashtakia," nikamjibu nikiwa ndani ya khanga. "Tochi ikinizimikia njiani nitamshtakia nani?"

Likabaki suala la kuibeba. Pindo la khanga haliwezi uzito ule. Kikapuni ukiitafuta, nyoka amekwisha kukuuma. Mume wangu alikuwa na mifuko minne, miwili ya suruali na miwili ya shati, na ndani yake alibeba tumbaku tu. Mimi niliyebeba funguo, sindano, dawa ya mtoto na kadi ya kliniki sikuwa na hata mmoja. Dada yangu alikuwa ameolewa Bunda, nikapitiliza na basi mpaka kwake, na gauni langu nikalipeleka kwa fundi cherehani aliyekaa barazani karibu na soko. Niliposema nataka mfuko, aliacha kukanyaga cherehani.

"Mfuko wa nini? Mwanamke anawekaga kwenye pindo."

"Wa tochi."

"Na mume anajua?"

"Mume ndiye anayeshona, au ni wewe?"

Alishona amenuna, lakini alishona vizuri, kwa kitambaa kizito cha kaptula za shule, mfuko wa kina kirefu wenye kifungo. Nikarudi kijijini natembea huku mkono mmoja umetumbukia mfukoni, nikijisikia mtu mzima kuliko siku niliyoolewa.

Walicheka, hilo nilitegemea. "Mchana kweupe anatembeaga na tochi!" Waliniita Mama Tochi, nikaitika. Lakini mchana ndio tochi yangu ilifanya kazi zaidi. Nilimulika ndani ya ghala kabla ya kuingiza mkono. Nilimulika chini ya kitanda, kuku anapotagia. Nilimulika jicho la mtoto lililoingia mchanga, na mchele wa sokoni kabla haujapimwa, mwuzaji akanichukia. Nikisafiri niligeuza betri moja kichwa chini ili isiwake kwa bahati mbaya. Zikichoka nilizianika juani kwenye bati. Zikichoka kabisa nilimpa mume wangu kwa ajili ya redio, maana betri iliyoshindwa kuwasha tochi bado huimbisha redio siku kadhaa. Kwa njia hiyo yeye na mimi tulikaa kwa amani.

Asiyetulia alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeishi nyumba iliyofuata mstarini. "Mwanamke mwenye moto wake mwenyewe anaonaga yasiyomhusu," alisema. Nikamwambia yasiyonihusu yakiuma, mguu unaooza ni wangu.

Sasa nieleze habari ya baba mkwe. Kwa watu wale mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono. Wakikutana njiani baba mkwe huingia kwenye nyasi akageuka. Chakula nilipika mimi, wakapeleka wengine, na akiwa na neno kwangu aliwatuma wajukuu hata kama nasikia. Kwa miaka yote niliyokaa pale nilimfahamu mzee kwa miguu yake, makatambuga yake ya matairi na kikohozi chake. Sikuwa na kinyongo naye. Yeye aliishika mila kwa adabu, nami nikaishika kwa adabu.

Kila niliporudi kutoka Musoma nilibeba ningu, na mzee alimpenda. Ningu ni samaki mtamu, lakini miiba yake haihesabiki. Sisi wa ziwani tunamla taratibu, ulimi ukitangulia kupekua. Watu wa nyama hawana subira hiyo. Adhuhuri moja nikiwa jikoni nikasikia kelele kutoka nyumba ya mzee. Mwiba ulikuwa umemkaa kooni.

Nilisimama nje ya ukuta, maana ndipo mila iliponiruhusu kufika. Wifi alikuwa akipiga kelele wammezeshe ugali. Wakamtumbukizia tonge kavu, mwiba ukazama zaidi. Wakaongeza tonge. Wakaleta kipande cha muhogo. Kwetu mtoto mdogo anajua kwamba mwiba wa ningu ukiusukuma unauchimbia, lakini nani angeniuliza? Mume wangu alisema asubiriwe lori la pamba la kesho, apelekwe hospitali Musoma. Halafu nikamsikia mzee mwenyewe, akikoroma kama mtu anayevuta pumzi kwenye tundu la sindano. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilichukua kijiko na kibanio changu cha kutolea miiba ya miguuni, nikavichovya kwenye chai iliyokuwa inachemka, nikaingia.

Wifi alijitanda mlangoni. "Unaingia wapi? Huyo si mkwe wako?"

"Ndiyo maana naingia," nikasema, nikampita.

Mlango ulijaa watu na mle ndani hapakuonekana kitu. Mzee alikaa kwenye kigoda, mate yenye damu yakimtoka. Nikapiga magoti mbele yake, nikatoa tochi mfukoni, nikasema neno la kwanza nililopata kumwambia mimi mwenyewe: "Baba, fungua mdomo."

Alifumba macho kwanza. Aliyafumba kwa nguvu, kisha akafungua mdomo. Nusu ya mila aliishika yeye, nusu nyingine aliniachia niivunje.

Nikaibana tochi kati ya shavu na bega, kijiko kikakandamiza ulimi. Nilimwona mzee mpaka ndani, meno, ufizi, koo jekundu limevimba, na mabaki ya ule ugali wao. Upande wa kulia kitu cheupe kilimeta, kikatoweka, kikameta tena. Nikakibana, nikavuta. Ulitoka mwiba mrefu uliopinda. Mzee akakohoa, akatema, akaomba maji kwa sauti yake ya kawaida. Nikatoka kinyumenyume, nimeinamisha macho kama mkwe mwema.

Asante sikupata. Nilichopata ni kuitwa kwenye kikao cha ukoo. Wazee walikaa chini, wifi akasoma mashtaka bila karatasi: nilileta samaki wa kumkaba mzee, kisha nikaingia kumtazama mpaka kooni, mahali ambapo hata mke wake mwenyewe hajapaona. Mwacha mila ni mtumwa, alisema. Nitoe mbuzi wa kumtakasa mzee, na tochi niikabidhi kwa mume wangu, iwe ya nyumba. Iwe ya nyumba! Nilijua maana yake. Msumari wa pili upande ule ule wa kitanda, na mimi nirudie kijinga changu cha moto.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa akiangalia viatu vyake. "Toa tu tochi, yaishe," akasema polepole.

Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya dada yake. Huyu ndiye aliyesimama mlangoni akisubiri lori wakati baba yake anakata roho. Kila jioni alitukalisha kusikiliza redio ikisema watu wote ni sawa, na redio hiyo ililishwa betri zangu.

Nikasimama. Mwanamke hasimami kwenye kikao kama kile, lakini nilikuwa nimekwisha kuona koo la baba mkwe, na baada ya hapo kusimama si kitu.

"Mbuzi sina, na tochi sitoi," nikasema. "Mnasema nilikosa kummulika mzee. Sawa. Mtu akikosea kazi, kazi yake hufumuliwa. Mwiba ninao hapa." Nikaufungua kwenye karatasi, nikauweka juu ya kigoda kitupu katikati yao. "Urudisheni ulipokuwa. Ukisharudi kooni, tochi hii nitaitoa mwenyewe, mpaka na globu ya akiba."

Mtu mmoja alianza kucheka, akajizuia. Wote waligeuka kumtazama mzee, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekaa kunipa mgongo kama inavyopasa. Aliinama, akautazama ule mwiba kwa muda mrefu. Akameza mate. Tulimsikia akimeza. Halafu akashika fimbo yake, akainuka, akaenda zake kuangalia ng'ombe.

Bila yeye hakuna hukumu. Wazee walikaa kidogo wakizungumzia mvua, wakaondoka mmoja mmoja. Mume wangu alinifuata jikoni akataka kusema jambo, nikamwambia akachote maji. Akaenda kuchota, na majirani wakamwona na ndoo.

Mzee hakunishukuru, hata kwa kumtuma mjukuu. Hakulegeza kitu. Tukikutana njiani aliingia kwenye nyasi kama zamani, pengine hatua moja zaidi, nami nikageuka upande wangu. Wifi aliwaambia watu kwamba baba yake amenisusa, na kwa jinsi tulivyoonekana hakuna aliyembishia.

Lakini kula ningu mzee hakuacha. Akiandaliwa ningu, hakunawa mikono mara moja. Aliwauliza wajukuu, kwa sauti ya kufika jikoni, "Yule mwenye tochi yupo?" Wakisema nimekwenda shamba la kijiji, alisukuma sahani pembeni akaagiza maziwa, na ningu akaliwa na paka. Wakisema nipo, hakuwaamini. Alisubiri, mikono juu ya magoti, chakula kikipoa, wifi naye amesimama pale pale na birika la maji ya kunawa. Basi mimi, nyuma ya ukuta, nilikohoa. Nilikohoa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, wifi asikie vizuri, na mzee akanyoosha mikono anawe.