Kisima Chini ya Gari

Ejore alishuka Lodwar asubuhi akitoka Kainuk, na hata chai hakungoja. Alichukua ekicholong yake, kile kigoda cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho kila aendako, akakitua nyuma ya tairi la Probox iliyoegeshwa uani kwa shemeji yake, akakaa. Mgongo akauegemeza kwenye bampa. Nakaale alipotoka ndani na kikombe mkononi alielewa papo hapo. Mtu hakai nyuma ya gari namna ile kama anataka litoke.

“Ejok, shemeji,” Nakaale akamsalimia.

“Ejok-noi. Chai weka hapo chini. Mimi nimekuja kuchukua gari.”

Gari lilikuwa la ndugu yake, mume wa Nakaale, ambaye alikuwa upande wa Juba akiendesha lori za watu. Alipoondoka aliliacha limesimama uani, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Nakaale aliwafukuza wale kuku, akaenda kusomea udereva, akafanya mazoezi kwenye mchanga wa laga ya Kawalase wakati mto ulikuwa mkavu, mpaka leseni ikatoka. Tangu hapo alikuwa anachukua samaki wakavu Longech, kando ya ziwa, anawapeleka Kakuma kwa Mama Pascaline, Mkongomani mwenye meza sokoni, halafu anarudi na abiria. Nyumba ile ilikula kwa gari lile. Kuliondoa uani ilikuwa ni kumkata Nakaale miguu yote miwili.

“Nimekosa nini, shemeji?”

“Hujakosa. Kuendesha unaendesha, sawa. Kuendesha hata mbuzi ukiifunga hapo itaendesha. Lakini injini nani anaangalia?” Ejore aliinuka, akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili na kukiinua juu ili hata majirani waone. “Hii oili ilibadilishwa lini? Hii ni oili ama ni uji wa makaa?”

Kweli ilikuwa nyeusi. Ejore zamani alikuwa tanboi, yule msaidizi anayekaa juu ya mzigo wa lori, na kwa sababu hiyo ukoo mzima ulimhesabu kuwa mtu wa magari.

Nakaale akampigia mumewe. Simu ikaita, sauti ikaja kwa mbali ikisema, “Sikizaneni na kaka,” kisha ikakatika na haikushika tena.

“Leo nitampelekea fundi abadilishe,” Nakaale akasema.

“Fundi! Fundi akimaliza, nani anajua injini? Fundi. Wewe unajua kukanyaga tu.”

“Basi nitabadilisha mwenyewe.”

“Wewe?”

“Mimi. Na hii mikono. Halafu twende Kakuma leo leo, wewe ukae mbele. Gari ikizima njiani kwa sababu ya mikono yangu, chukua. Isipozima, usikuje tena kwa hii mambo.”

“Nimesikia mimi!” Hoodo akapaza sauti kutoka ng’ambo ya ua. Alikuwa Msomali mwenye duka la vipuri pale jirani, na hakuna neno lililompita. “Mzee, nimekusikia pia ukinyamaza. Kunyamaza ni kukubali.”

Ejore akacheka, akatema tumbaku. “Haya. Lakini fundi asiguse.”

Hoodo ndiye aliyemletea Nakaale oili, filta mpya na spana, pamoja na yale machache aliyoyasikia kutoka kwa wateja wake. Injini ipashwe moto kidogo tu, oili ipate kutiririka. Ile raba ya filta mpya ipakwe oili kabla ya kufungwa. Filta ikazwe kwa mkono, spana isiiguse.

“Ingia nami basi unionyeshe,” Nakaale akamwambia.

“Chini ya gari? Mimi nauza tu, walaal, dada yangu. Buibui yangu ikishika oili, nani atanifulia?”

Shida ilianza hata kabla ya spana. Nakaale aliweka jeki chini ya gari, akazungusha, na badala ya gari kupanda, jeki ndiyo ilishuka. Mchanga wa Lodwar ulikuwa unaimeza kama uji unavyomeza kijiko. Aliweka jiwe bapa chini yake. Jiwe likainama upande mmoja, gari likatikisika, na wanawake waliokuja kutazama wakaruka nyuma wakipiga kelele.

“Nipatie funguo,” Ejore akasema, hata kigodani hakuinuka. “Jua bado ni ndogo, nitafika Kainuk mapema.”

Nakaale akaitoa ile jeki, akapangusa jasho, akabaki anautazama mchanga. Mchanga ule aliujua. Alipokuwa msichana, wakati wa kiangazi, wao ndio walioshuka kwenye laga kutafuta maji. Waliuchimba mto mkavu mpaka mtu apotelee ndani, na kwa kuwa yeye alikuwa mwembamba, yeye ndiye aliyetumwa chini kabisa, akijaza karai na kuwapa wa juu, nao wanaimba. Hakuwahi kuutegemea mchanga umwinue hata siku moja. Alikuwa anaushukia.

“Kama gari haitaki kupanda,” akasema, “mimi nitashuka.”

Aliwasha gari akalisogeza kando. Akachukua jembe na karai, akaanza kuchimba pale ambapo maji ya kuogea humwagwa kila siku, mahali ambapo ardhi ilishikana. Shimo lake lilikuwa refu na jembamba, upana wa mabega tu, na kuta alizilaza kidogo, maana ukuta wa mchanga ukisimama wima unakuangukia. Kila akifika mchanga mkavu aliunyunyizia maji, akaupiga kwa kiganja mpaka ukakaza.

“Unachimbia mimi ama gari?” Ejore akauliza, na watu wakacheka.

“Kaa karibu utajua,” Nakaale akajibu kutoka shimoni, na safari hii wakamcheka Ejore.

Shimo lilipofika kiunoni alitoka, akaliendesha gari juu yake polepole, Hoodo akiwa mbele anaongoza kwa mikono miwili, kushoto, kulia, hapo hapo, simama! Matairi yakakaa huku na huku, mbali na kingo. Nakaale akavuta breki ya mkono, akaweka mawe kwenye matairi, akaiacha injini ingurume kidogo, akaizima. Halafu akaingia kisimani kwake na karai, akaketi, akainua macho. Tumbo lote la gari lilikuwa juu ya uso wake.

Bolti ya kutolea oili ilikuwa ngumu. Akaivuta kwa spana mara ya kwanza, ikakataa. Akakanyaga ukuta wa shimo kwa miguu yote miwili, akavuta tena, ikalia kama mlango wa kale, ikalegea. Akaimalizia kwa vidole, akaondoa mkono haraka, na oili nyeusi yenye moto ikashuka kwenye karai kwa mkondo mnene kama mkia wa ng’ombe.

“Inatoka!” Hoodo akapiga kelele, akiwa amepiga magoti, buibui mchangani. “Wallahi inatoka!”

Filta ya zamani nayo akaifungua, akaangalia kama raba yake imebaki juu kwenye injini. Haikubaki. Akapaka mpya oili, akaifunga kwa mkono kama alivyoambiwa. Mpaka hapo, kila kitu sawa.

Kosa lake alilifanya kwa sababu ya kuvijua visima. Maji ya kwanza ya kisima hayanywewi, ni matope. Unachota unamwaga, unachota unamwaga, mpaka kisima chenyewe kikuonyeshe maji safi. Nakaale alipanda juu, na kabla ya kurudisha ile bolti akamimina oili mpya ndani ya injini, kisha akarudi chini kutazama. Ikatoka nyeusi, ikatoka kahawia, ikatoka rangi ya asali. Hapo akaridhika, akafunga bolti na kuikaza vizuri. Akapanda, akamimina iliyobaki. Akachomoa kijiti. Kilikuwa na oili kwenye ncha tu, kama mtu aliyeonja chai akairudisha.

Ejore alikuwa ameinuka kuchungulia. Alitazama kijiti, akatazama karai, akaelewa, na kicheko chake kikasikika mpaka barabarani. “Ameosha injini! Na oili mpya! Ameisuuza kama sufuria!”

Watu walicheka, na hata Hoodo alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kwa muda kidogo Nakaale alitamani arudi shimoni na wamfukie.

“Imekwisha,” Ejore akasema. “Lete funguo.”

“Haijakwisha. Tulisema mikono yangu. Hatukusema chupa ngapi.”

“Hiyo ni kweli,” Hoodo akadakia. “Oili iko dukani, nitaleta. Gari la mzee gani hapa Lodwar limewahi kupiga mswaki?”

Akaleta nyingine. Ejore aliendelea kucheka karibu na sikio la Nakaale, na yeye alipogeuka kumtazama, oili kidogo ikamwagika kando ya mdomo wa injini. Akapangusa alichokiona. Akapima, akaongeza, akapima. Akawasha injini, akashuka kuangalia chini kama kuna tone. Akazima, akangoja oili itulie, akapima tena. Ilikuwa kwenye alama.

Magunia ya samaki yaliyokuwa yakingoja nyumbani yakapakiwa, wakaingia barabara ya Kakuma. Ejore alikaa mbele amekumbatia kigoda chake, shingo ameinamisha, anaisikiliza injini kama mtu anayesikiliza tumbo la ngamia mgonjwa. Nakaale naye alikuwa anasikiliza.

Lodwar ilikuwa imepotea nyuma kabisa harufu ilipoingia. Ilikuwa harufu ya kitu kinachoungua, halafu uzi wa moshi ukapenya pembeni ya boneti.

“Imekufa!” Ejore akapiga dashibodi kwa kiganja. “Si nilisema? Umeua gari ya ndugu yangu! Simama!”

Nakaale aliegesha kando. Alikataa kuharakishwa. Alifungua boneti, akarudi nyuma hatua moja, akaangalia tu, kama vile mchungaji anavyoangalia mifugo kabla hajasema ni nani aliyepotea. Akalala mchangani na kitambaa, akaingiza mkono chini. Kwenye bolti, kitambaa kilirudi kikavu. Kwenye filta, kikavu. Akainuka akapima oili. Iko kwenye alama. Kama injini haijapoteza kitu, moshi huu unakula nini?

Akaufuata kwa macho. Ulikuwa unatoka kwenye bati linalofunika ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, na juu ya bati kulikuwa na mchirizi wa kahawia, umeshuka kutoka kwenye mdomo wa kumiminia oili.

“Shemeji, njoo uone. Hii ni ile ilimwagika ukinicheka. Imefika penye moto, inaungua. Ikiisha, moshi unaisha.”

“Na kama si hiyo?”

“Kama si hiyo utachukua gari. Ingia.”

Ejore aliingia. Wakaenda pua zikiwa juu wote wawili. Moshi ukawa mwembamba, ukawa harufu tu, kisha ukawa upepo wa Turkana wa kila siku, wenye vumbi na joto. Injini ilinguruma laini kuliko Nakaale alivyowahi kuisikia. Akaongeza mwendo kidogo.

Sokoni Kakuma, Mama Pascaline alikuja mbio akijifunga kitenge. “Mama Nakaale! Tulisema leo hautafika, wateja wananikasirikia!” Kisha akamwona Ejore akishuka, mrefu, na kigoda chake mkononi. “Na huyu baba? Umepata shofere wa kukuendesha?”

Nakaale alikuwa ameshika gunia. Akaliacha, akangoja.

Ejore alijikuna kidevu. “Shofere ni yeye,” akasema. “Mimi nimebebwa.”

“Na fundi?” Nakaale akauliza.

“Fundi pia ni yeye.”

“Pima basi, Mama Pascaline aone.” Akampa kitambaa.

Ejore akachomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha, akachomoa tena. Oili ilikuwa inang’aa rangi ya asali, pale pale kwenye alama. Akapima mara nyingine, kama mtu anayetafuta mbuzi wake kwenye zizi la jirani. “Iko,” akasema, na Mama Pascaline, ambaye hakujua habari yote lakini alijua uso wa mwanamke aliyeshinda, akapiga vigelegele mpaka wauza nyanya wakageuka.

Wakati wa kurudi gari lilijaa. Mama mmoja Mrundi alikuwa na mtoto mchanga, na kiti cha nyuma kilikuwa kimebanana.

“Shemeji,” Nakaale akasema, “mama akae mbele. Wewe nenda nyuma, kando ya magunia matupu.”

Akaenda. Magoti yalimfika kidevuni na magunia yalinuka samaki, lakini njia nzima Nakaale alimsikia akiwaelezea abiria jinsi shemeji yake alivyochimba kisima chini ya gari, jinsi bolti ilivyokataa, na jinsi oili inavyopaswa kuwa na rangi ya asali. Ile habari ya kusuuza aliiruka. Ilikuwa sasa ni sifa ya ukoo, na hakutaka iharibike.

Walipofika Lodwar, pale magari ya kwenda kusini yanapopakia, Ejore aligonga dirisha. “Nishushe hapa. Napata ya Kainuk.”

“Hutafika nyumbani?”

“Nyumbani nina kazi gani? Nilikuja kwa sababu ya gari.” Akajipangusa magamba ya samaki, akaja mpaka dirishani kwake. “Ndugu yangu akipiga simu, mwambie gari iko na mwenyewe.”

Nakaale aliitikia kwa kichwa. Ejore alipogeuza mgongo, Nakaale akatia gia, akaweka mkono kwenye honi, na hakuuondoa mpaka nyumbani.