Tarehe Aliyoichagua Mzee Silvère

Ukifika kwenye kibanda cha vitenge cha Mzee Silvère, pale soko la Kimironko, usianze kuuliza bei. Bei atakutajia huku anakunja kitambaa, hata hakutazami. Wewe muulize tarehe. Mwambie, "Mzee, lile gemu la mpira la mwaka huu litatoka lini hasa?" Hapo utaona mtu anaweka mkasi chini, anavua miwani, anakuvutia kigoda, na wateja wengine wote wanaweza kwenda zao. Ana miaka hamsini na minane, mvi kichwa kizima, mzee wa kanisa, na hakuna kijana Kigali nzima anayemfikia kwa kubashiri siku gemu litakapotoka. Vijana wenyewe wanakubali, ingawa kwa shingo upande.

Mapenzi hayo yalianzia barabarani. Silvère alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, na ujanani alikuwa utingo wa malori, Dar es Salaam hadi mpaka wa Rusumo, kwenda na kurudi, miaka sita bila kuruhusiwa hata siku moja kushika usukani. Jambo hilo lilimuuma kweli. Basi siku moja binti yake Umuhoza, mtoto wake wa pekee, wakati huo ana miaka kumi na minne, akamwekea kwenye runinga gemu la kuendesha malori milimani. Mzee akashika rimoti, akaingiza gia, akateremsha tani thelathini za saruji kwenye kona kali, na machozi yakamtoka. Mkewe, Mukamana, alikuja mbio kutoka jikoni akidhani umeingia msiba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama Umuhoza. Nimeendesha!"

Tangu siku hiyo baba na binti walicheza Lori la kwanza wakalimaliza, wakacheza Lori la pili wakalimaliza. Jina lenyewe la gemu ni refu, la Kiingereza, na hakuna anayejisumbua nalo. La tatu walilisubiri miaka saba. Na msidhani kusubiri huko kulikuwa adhabu, wapi! Kulikuwa starehe tupu. Kila Jumapili baada ya ibada wangekaa na chai, waweke kionjo cha gemu cha sekunde arobaini, wakisimamishe kila hatua, wabishane kuhusu kivuli cha mti. Umuhoza alimaliza shule, akaanza kazi benki, akapata mchumba, na Jumapili chai na kivuli cha mti viko palepale.

Siri ya ubashiri wa Silvère ilikuwa kazi yake ya mwisho wa wiki. Kwenye gusaba, sherehe yetu ya kuposa, baba wa binti hafungui mdomo. Kila familia inaweka msemaji, na wasemaji hao wanapigana chenga za maneno mbele ya wageni saa tatu nzima, bibi harusi amefichwa ndani, haitwi mpaka waelewane. Silvère amezisemea familia zaidi ya mia. Anajua mtu anavyosema hapana bila kuitamka. "Mkisikia ng'ombe wa mahari wapo njiani," huwaambia vijana, "jueni hawajapatikana. Na kampuni ikiwashukuru kwa uvumilivu wenu, jueni gemu halipo." Mugeni, dada mmoja mchangamfu mwenye chumba cha gemu kule Kagarama, alikuwa na kundi la WhatsApp la watu mia mbili, linaitwa Lini Hasa, na kila Silvère akibashiri, yeye anaandika tarehe kwa chaki mlangoni kwake. Mara tano mfululizo mzee alipatia.

Agosti, kampuni ya Lori ikavunja kimya. Haikutaja siku, ilisema tu: la tatu linatoka kabla ya mwisho wa mwaka, tunarudi tulipoanzia, na wafanyakazi wetu watakula Krismasi na familia zao. Silvère aliruka kwenye kiti. Tulipoanzia! Lori la kwanza lilitoka tarehe saba Novemba. "Tarehe saba Novemba," aliwaandikia Lini Hasa, "na atakayebisha aje sokoni tubishane." Mugeni akaiandika mlangoni kwa herufi kubwa.

Wiki hiyohiyo ndipo ujumbe ulipoingia kutoka Masaka, pembezoni mwa Kigali, kwa familia ya Ngabo, mchumba wa Umuhoza. Walikuwa wanaomba siku ya gusaba, kesho yake kanisani, na walipendekeza Ijumaa mbili: tarehe saba Novemba au tarehe tano Disemba. Baba wa binti achague.

Sasa hebu muone mtu mzima anavyojifunga kamba mwenyewe. Silvère alitazama tarehe saba Novemba, akaiona imekaliwa na Lori. Akatazama tarehe tano Disemba, akaiona tupu, haina kazi. Akawajibu Masaka: Disemba.

"Kwa nini Disemba?" Mukamana aliuliza. "Watoto wako tayari, unawachelewesha nini?"

"Disemba watu wana nafasi."

Umuhoza alikuwa anapiga pasi. Aliinua kichwa akamtazama baba yake kidogo. "Una hakika, Papa? Tarehe tano Disemba?"

"Nina hakika kabisa."

"Basi sawa," alisema, akaendelea na pasi yake.

Usiombe kuwa kwenye moyo wa Silvère kuanzia siku hiyo. Binti mmoja, siku moja kubwa, na yeye amempa siku iliyobaki mezani baada ya gemu kushiba. Umuhoza akijua, atamwona baba wa namna gani? Alijifariji kwamba hatajua. Tarehe saba Novemba Lori litatoka, watacheza wote mwezi mzima, na jambo lenyewe litasahaulika.

Tarehe saba Novemba ilifika. Silvère alifunga kibanda mapema, akakaa na simu mkononi. Hakuna kitu. Saa kumi, hakuna. Jioni, kimya cha maji mtungini. Watu mia mbili wa Lini Hasa walimcheka mpaka simu ikaisha chaji, na hilo alilivumilia, kucheka ni haki yao. Kilichommaliza kilikuja siku tano baadaye, alipopiga Mugeni.

"Mzee! Wametangaza! Tarehe tano Disemba, saa nane mchana, saa za Kigali!" Kisha akashtuka. "Lakini ngoja. Si ndiyo gusaba ya Umuhoza? Na wewe ndiye uliyechagua siku..." Silvère alisikia kabisa akili yake ikifika. Kikafuata kicheko, kicheko cha mtu anayeshika ukuta asianguke.

"Mugeni, mwanangu, nakuomba. Hilo life hapohapo."

"Limekufa, Mzee. Nimeshalizika," alisema Mugeni, akicheka bado.

Kadi zilikuwa zimeshasambazwa. Turubai, viti, wacheza ngoma, wote wameshapewa siku. Hapakuwa na njia ya kurudi. Silvère alijitoa kwenye Lini Hasa bila kuaga. Akachukua mashine ya gemu, akaifunga kwa kitenge, akaipandisha juu ya kabati, akamwambia Umuhoza kwamba yeye na gemu basi, umri umekwenda.

"Pole, Papa," alisema binti.

Mara tatu alijaribu kumwambia ukweli. Mara ya kwanza Umuhoza alipokuwa anajaribu umushanana wake, vazi la bibi harusi, na mzee akaishia kusifu rangi. Mara ya pili walikuwa garini, akaishia kulaani foleni. Mara ya tatu alifungua mdomo kabisa, akaomba chumvi. Mtu aliyezisemea familia mia na zaidi, akakosa sentensi moja ya kujisemea mwenyewe! Alijichukia.

Siku ikafika, jua limewaka vizuri. Silvère alikaa mstari wa mbele chini ya turubai, fimbo mkononi, kimya kama desturi inavyotaka. Msemaji wa upande wake alikuwa Habiyaremye, rafiki yake wa kazi hiyo, mtu wa maneno matamu na mizaha mirefu. Alimkatalia msemaji wa Masaka mara nne. Alisema binti wa nyumba hii hamjui, kisha akasema anamjua ila amesafiri, kisha akauliza kama hao wageni wana hakika hawajapotea njia. Watu walivunjika mbavu. Ng'ombe wakasifiwa, wakakubaliwa. Saa nane ilipita katikati ya hayo yote na Silvère hakutazama saa. Sawa, alitazama mara moja.

Ndipo Habiyaremye akasema bibi harusi aletwe. Wacheza ngoma wakaanza wimbo, macho yote mlangoni. Wimbo ukaisha. Mlango umefungwa. Wakaurudia wimbo. Mlango bado umefungwa. Ngabo, maskini, tabasamu lilikuwa limeanza kumchoka usoni. Habiyaremye akakohoa, akashika kipaza sauti vizuri.

"Wageni wetu wapenzi," alisema, "tunawashukuru kwa uvumilivu wenu."

Uvumilivu! Maneno hayo Silvère aliyajua nje na ndani. Hakuna kitu huko ndani. Binti hatoki, amejua, na amekataa kutolewa siku ya makombo. Aligeuka akamtafuta Mugeni kati ya wageni, akamwona ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Analia, alijiambia. Amesema, na sasa analia.

Silvère akasimama. Baba wa binti kuacha kiti chake katikati ya gusaba, hilo halijaonekana. Minong'ono ikapita chini ya turubai kama mvua juu ya mabati. Mukamana akamvuta koti, lakini yeye alikuwa ameshaondoka, anavuka uwanja mbele ya ng'ombe na wakwe, fimbo ameisahau kwenye kiti. Hakujali wakwe. Alitaka kufika mlangoni apige magoti, aseme ile sentensi moja, hata ikibidi aiseme mbele ya Kigali nzima.

Akasukuma mlango wa chumba cha bibi harusi.

Shangazi wanne, wamevaa wakameremeta, walikuwa wamesimama juu ya kitanda wanapiga kelele. Umuhoza alikuwa amekaa ukingoni, taji la shanga kichwani, umushanana mweupe umekunjwa magotini, rimoti mkononi. Kwenye runinga lori la tangi lilikuwa linaporomoka mlimani.

"Papa, afadhali umekuja!" alipiga kelele bila kugeuka. "Breki zimekufa!"

Sentensi ilikuwa tayari kwenye ulimi, nawaapia. Lakini kilichotoka ni kingine. "Punguza gia! Ya pili! Acha hizo breki, punguza gia!"

"Siwezi, bangili zinanizuia! Shika wewe!"

Akashika. Akapiga gia ya pili, injini ikanguruma, akaligusisha lori kwenye ukingo wa barabara polepole, kona ya kwanza, kona ya pili, shangazi wanamtajia Mungu. Lori likasimama chini kabisa, mbele ya daraja, zima. Chumba kizima kikashangilia, na nje, chini ya turubai, watu wakadhani ni vigelegele vya bibi harusi wakaitikia.

Silvère aliweka rimoti chini. "Umuhoza, ile tarehe. Mimi nili..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ulitunza Novemba kwa ajili ya Lori, ukanipa mimi Disemba. Najua tangu siku ile ya pasi."

Mzee alikaa kitandani kama gunia. "Na hukusema."

"Ningesemaje? Wewe ulisikia 'tulipoanzia', ukaruka. Mimi nilisikia Krismasi. Papa, mtu anayemaliza kazi Novemba ana haja gani ya kuwaahidi watu wake Krismasi? Anayeahidi hivyo ana hofu ya kuchelewa. Nilihesabu nikaona ni wiki ya kwanza ya Disemba."

"Ulijua nimekosea, ukaniacha?"

"Ningekurekebisha, ungebadilisha. Ungenioza Novemba." Alirekebisha taji lake kwa vidole viwili, akamtazama sasa, macho yamejaa maji na mdomo unacheka. "Halafu siku Lori linatoka mimi niko Masaka, wewe uko hapa peke yako na chai. Miaka saba, Papa! Nilitaka likitoka, linikute bado kwako."

Silvère alimkumbatia na shanga zake zote, mpaka shangazi mmoja akapiga makofi akasema jamani, kuna mwanaume huko nje anazeeka.

Alitangulia kurudi uwanjani, akakaa. Wimbo wa tatu ulianza, na safari hii mlango ulifunguka wote, Umuhoza akatoka akitembea taratibu, mtulivu, mzuri mno, kama mtu ambaye hajawahi kugusa lori maishani mwake. Ngabo alisimama kabla ya wakati wake. Mugeni, ambaye ndiye aliyeiunganisha mashine mle chumbani tangu asubuhi, alikuwa ameficha uso kwa kitambaa, anacheka mpaka anakosa pumzi.

Machozi yalimtiririka Silvère hadi kwenye ndevu. Mzee wa upande wa wakwe aliyekaa karibu naye alimsogezea leso, akamwambia ajikaze, mtoto haendi mbali, ni Masaka tu hapo. Silvère alipangusa macho akasema anajua, ni Masaka tu, ni hapo tu, na akaendelea kulia na kucheka kwa pamoja.