Sauti Nne, Mitumbwi Mitatu

Saa moja asubuhi, ufukweni Nkanka, upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu, Joséphine Kamikazi amekunja kitenge hadi magotini. Anagawa majaketi ya kuelea huku akiwafokea vijana wanaopigana picha. Mbele yake kuna mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, ile ile ya wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa. Leo haiendi kuvua. Leo imebeba kwaya.

"Simu muweke kwa mufuko! Ziwa haina mchezo," anasema.

Joséphine, 29, anauza sambaza sokoni Kamembe. Ndiye pia kiongozi wa vijana wa kanisa lake, nao humwita Yaya, dada mkubwa. Kazi ya kwanza inamlisha. Ya pili, anasema akicheka, inamnyima usingizi.

Na amekosa usingizi kweli. Kwaya imepasuka. Teta, mshonaji wa nguo na mwimbaji wa sauti ya kwanza, alitaka sherehe ya kanisa iwe na nyimbo za Kinyarwanda. Parfait, dereva wa teksi-moto, yaani bodaboda, anayeimba besi, alitaka za Kiswahili, zile ambazo familia yake na za wenzake zilikuja nazo kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Maneno yakazaa maneno. Wakaanza kufanya mazoezi siku tofauti, hata salamu zikakatika. Mchungaji naye akachoka: wasipopatana kabla ya Jumapili, atawagawa wawe kwaya mbili.

"Hiyo ilinichoma," anasema Joséphine.

Mama yake alipofariki, kwaya hii ndiyo iliyosimama kwenye meza ya Joséphine sokoni kwa zamu, ikiuza samaki mpaka alipoweza kuinuka. "Hakuna muntu aliniuliza naimba luga gani. Sasa leo nikubali batugawe? Siwezi."

Ndipo alipomwendea Mzee Byiringiro, mvuvi anayemuuzia sambaza, akamwomba mitumbwi. Jaribio ni moja: kwaya nzima ipige makasia hadi kisiwa kidogo kinachoonekana pale mbele, kisha irudi. Mzee atakaa nyuma kuangalia usalama tu.

Na hapo, jamani, wanafanya kosa ambalo kwaya peke yake ndiyo inaweza kulifanya. Wanapanda kama wanavyokaa kanisani: sauti ya kwanza mtumbwi wa kushoto, ya pili katikati, ya tatu na besi kulia. Wavuvi wa Kivu huimba ili makasia yaingie majini pamoja, basi nao wanaimba. Ila wamechagua wimbo wa ibada ambao sauti huingia kwa kupokezana, na kila sauti inapiga kasia zamu yake inapofika! Teta na wenzake wanavuta, besi wanangoja. Besi wanapovuta, akina Teta wamepumzika. Mitumbwi inayumba kulia, inayumba kushoto, mwishowe inatazama ufukwe ilikotoka.

Mzee Byiringiro anacheka hadi machozi. "Bana bangu, hapa si kanisani! Sauti moja, kasia moja. Na muchanganyike!"

Wanarudi ufukweni. Hakuna anayetaka kuhama. Joséphine anashika kiuno. "Teta, panda kwa Parfait. Utaimbisha. Parfait, utaitikia. Basi."

Teta anaanzisha wimbo wa Kinyarwanda; Parfait ananuna, lakini anaitikia kibwagizo. Safari hii mitumbwi inakwenda, tena inakwenda vizuri. Katikati ya njia upepo unaamka, mawimbi yanapiga ubavu, na sauti ya Teta inakauka ghafla. Makasia yanagongana. Joséphine anafumba macho.

Kisha besi moja nzito inaudaka wimbo pale pale ulipoangukia. Ni Parfait, na anauimba kwa Kinyarwanda, ubeti hadi ubeti, bila kukosea.

"Kumbe ulikuwa unajua yote?" Teta anamuuliza wanapofika kisiwani.

"Ninasikiaka kila siku mukifanya mazoezi. Ninakuwaka inje, kwa dirisha."

Teta anacheka, anamrushia maji. "Haya. Kwa kurudi, leta ya kwenu. Nitaitikia mimi."

Wanarudi kwa Kiswahili cha Bukavu, na wavuvi wanaokausha nyavu ufukweni wanasimama kuwapigia makofi. Mchungaji naye amefika. Anauliza bila kuzunguka: kwaya ni moja au mbili?

"Pasta, tuko na njaa," anajibu Parfait. "Acha tukule kwanza. Ile ya kugawanyika utatukumbusha mwaka mwingine."

Joséphine analia mbele ya watu wote na wala hajifichi. "Niko najivuna. Andika hivyo hivyo: anajivuna," ananiambia.

Na mbele ya safari anatamani nini? Anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Siku ya ndoa yangu, hawa bote baniimbie pamoja, kwa luga zote mbili. Bwana sina bado. Lakini kwaya, niko nayo."