Kikombe Alichokunywa Bwana Khisa

Kule Kuresoi ukiulizia nyumba ya Kahiga, utaulizwa ni Kahiga yupi. Sema wa pampu, na utapelekwa hadi mlangoni. Miaka ishirini na mitatu amebeba pampu ya dawa mgongoni akiwanyunyizia watu viazi vyao, hadi mikanda imemchimba mabega. Kazi yake anaijua na anajivunia. Huanza alfajiri kabla ya upepo, hutembea kinyumenyume asije akaingia kwenye dawa yake mwenyewe, na mwenye shamba akimharakisha, anatua pampu na kwenda zake.

Mtu wa namna hiyo ungedhani hanunuliki. Alinunuliwa, tena kwa bei ya chini, na aliyemnunua ni Bwana Khisa.

Siku zile Khisa alikuwa msemaji wa chama cha wafanyabiashara wanaoingiza dawa za shamba nchini. Kazi yake ilikuwa kuvaa vizuri, kutabasamu, na kuzunguka ofisi za wakubwa akiwaomba wasiiguse biashara hiyo. Maneno yalipoanza kuenea kwamba dawa ya kifuniko chekundu inawachubua watu mikono, alipanda Kuresoi na magari mawili ya soda na kofia, akawakusanya wakulima kwenye uwanja wa shule. Kahiga akaitwa achanganye dawa. Nyuma ya gari, Khisa akamkabidhi chupa tupu ya kifuniko chekundu.

"Boss, hii nimeosha. Weka maji na maziwa kidogo tu, ikae kama yenyewe. Ni ya kuonyesha watu."

Dawa ile ikichanganywa huwa nyeupe, huwezi kuitofautisha na maziwa. Kahiga akafanya alivyoambiwa. Khisa akamimina kikombe mbele ya kijiji kizima, akanywa yote, akajipangusa mdomo kwa kitambaa. Watu wakapiga makofi. Kahiga akapewa pampu mpya, naye akanyamaza.

Tangu siku hiyo, glavu zikawa za waoga. Mbugua, jirani yake wa ua kwa ua, alikuwa akikoroga pipa zima kwa mkono mtupu hadi kwenye kiwiko huku akicheka. "Khisa alikunywa na hakufa," alikuwa akisema. Mwaka jana figo za Mbugua zikafa, naye akazifuata. Mkewe, Edinah, alibaki na watoto watatu na barua ya daktari inayosema kwamba dawa ya shambani ndiyo inayoshukiwa.

Kwa hiyo serikali ilipotangaza kamati ya kuamua ni dawa zipi ziondolewe madukani, Kuresoi watu walifurahi. Kisha redio ikamtaja mwenyekiti. Khisa! Jana analipwa na wenye dawa aseme ni salama, leo analipwa na sisi aamue kama ni salama. Mtangazaji alisema ameteuliwa kwa sababu ya tajiriba yake katika sekta hiyo. Tajiriba anayo, hilo nani atabisha? Kahiga alikuwa mezani. Alisukuma sahani kando, akatoka nje.

Kamati iliposhuka Nakuru kuchukua maoni ya wananchi, Kahiga na Edinah walikuwemo ukumbini. Edinah alisimama, akasoma barua ya daktari hadi mwisho bila kulia. Khisa alimsikiliza ameinamisha kichwa kama mtu aliye kwenye maombi.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini tusiogopeshe watu bure. Hiyo dawa mimi mwenyewe nilikunywa huko kwenu, na niko hapa. Hata aliyechanganya namuona pale nyuma. Mzee Kahiga, si ni ukweli?"

Ukumbi mzima uligeuka. Kahiga alimtazama. Khisa hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Hakuwa amemtafuta kabla ya mkutano, hakuwa amembembeleza wala kumtisha. Alimtaja tu, kama mtu anayejua bei ya mwenzake na kwamba haijapanda. Hilo ndilo lililomchefua Kahiga kuliko yote.

"Ilikuwa maji na maziwa," akasema. "Wewe ndio uliniambia niweke. Chupa ulikuwa umeosha."

Kelele zilizuka. Tabasamu la Khisa halikusogea. Alingoja watu watulie, kisha akamgeukia karani.

"Andika hapo, mzee amekubali alidanganya wakulima. Weka jina lake yote, na kijiji." Akafungua chupa ya maji, akanywa. "Haya, next."

Na mkutano ukaendelea! Akasimama mwingine, akasema yake, akashukuriwa. Wajumbe wa kamati walikuwa wameanza kuchungulia saa, maana chakula kilikuwa tayari. Kahiga alitoka nje, akamkuta Edinah amesimama mlangoni, barua mkononi.

"Mama Abby, umeona huyo mtu?" akasema. "Umeona mtu mchafu namna hiyo?"

Edinah hakuwa akiangalia ukumbini. Alikuwa akiangalia mikono ya Kahiga, mikono safi isiyo na kovu hata moja baada ya miaka ishirini na mitatu ya dawa.

"Baba Nyakio," akasema polepole, "wewe glavu zako hukuwahi kutoa."